Ramani haitoshi: wiski za Uskoti zilinganishwe kwa jozi

Kisiwa cha Islay (hutamkwa Aila) kiko magharibi mwa Uskoti, na karibu kila mwongozo wa wiski humwambia mgeni kwamba huko ndiko kwenye moshi. Basi mwekee mtu glasi mbili kutoka kisiwa hichohicho: Bunnahabhain ya miaka 12, nguvu ya kilevi asilimia 46.3, na Ardbeg ya miaka 10, nguvu asilimia 46. Ya kwanza inanukia zabibu kavu na njugu za kukaanga, na moshi hauonekani kabisa. Ya pili ni kama kuni zilizozimwa kwa maji ya bahari, kisha inafuata limau. Kiwanda kimoja hadi kingine ni kama saa moja kwa gari. Aliyenunua Bunnahabhain akitafuta moshi atajuta, na aliyenunua Ardbeg akidhani atapata wiski laini ya kisiwani ataisukuma nyuma ya kabati isionekane tena.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kuonja kanda kwa kanda, kama wengi wanavyoshauriwa, ni njia ndefu isiyofundisha mengi. Kinachofundisha ni kuweka chupa mbili zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa kimoja. Tofauti ikijitokeza, unajua imetoka wapi. Chupa mbili zikitofautiana kwa moshi, pipa, umri na nguvu kwa wakati mmoja, utajua tu ipi imekupendeza. Kwa nini imekupendeza, hutajua.

Tuanze na lebo, maana sheria ya wiski ya Uskoti ya mwaka 2009 imeibana vizuri. Wiski yoyote ya huko lazima ikenekwe Uskoti (pombe ichemshwe, mvuke wake upozwe uwe kimiminika), ikomazwe hukohuko kwa miaka isiyopungua 3 ndani ya mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700, na iingie kwenye chupa ikiwa na nguvu ya asilimia 40 au zaidi. Kinachoruhusiwa kuongezwa ni maji na karameli ya kutia rangi, E150a, basi. Maneno "Single Malt" yana maana ya kiwanda kimoja na kimea cha shayiri peke yake, yaani shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa. Neno "Single", yaani "moja", halihusu pipa: chupa moja ya namna hii inaweza kuwa imetoka kwenye mapipa mia na zaidi. Ukiona umri umeandikwa, huo ni wa wiski changa kuliko zote zilizomo. Na kuhusu kanda, sheria inazitaja tano: Highland, Lowland, Speyside, Islay na Campbeltown. Inalinda jina la mahali wiski ilipokenekwa. Haiamuru wiski iwe na ladha fulani.

Hiyo E150a isikupite. Wiski nyeusi kama asali ya nyuki wadogo inaweza kuwa imepata weusi huo kwenye karameli, na wiski iliyofifia kama chai ya rangi iliyochujwa mara ya pili inaweza kuwa imekaa miaka 20 kwenye pipa lililokwishatumika mara tatu. Ujerumani hudai rangi itajwe kwenye lebo, kwa hiyo ukikuta chupa iliyopitia soko hilo utasoma "mit Farbstoff". Kwingineko usiamini macho.

Jozi ya kwanza ninayoipendekeza ni ya moshi: Tobermory ya miaka 12 na Ledaig ya miaka 10. Zote mbili hutoka kiwanda kimoja kisiwani Mull, mitungi ileile ya shaba ya kukenekea, nguvu ileile ya asilimia 46.3. Tofauti kubwa ni kwamba kimea cha Ledaig kimekaushwa kwa moshi wa piti, yaani udongo wa kinamasi uliojaa mimea iliyooza nusunusu kwa maelfu ya miaka, unaokatwa mapande kama matofali, ukakaushwa na kuchomwa. Shayiri ikiwa bado na unyevu huunyonya moshi huo, na misombo yake, fenoli, hubaki kwenye maganda. Kunusa glasi hizi mbili kwa pamoja kunakuonyesha moshi unaishia wapi na kiwanda kinaanzia wapi: ile chachu kidogo na matunda ya kijani uliyoyapata kwenye Tobermory utayakuta tena chini ya moshi wa Ledaig, ukishaizoea.

Hapa kuna kosa linalorudiwa sana, la kununua wiski kwa tarakimu za fenoli. Utasikia Ardbeg ni 55, Lagavulin ni 35, Octomore inapita 100. Tarakimu hizo ni sehemu kwa milioni zilizopimwa kwenye kimea kabla hakijasagwa. Sehemu kubwa hubaki kwenye makapi ya shayiri, nyingine hupotea wakati wa kukeneka, na miaka ndani ya pipa hupunguza iliyobaki. Ushahidi mzuri ni Lagavulin na Caol Ila. Vyote viko Islay, vyote vimekuwa vikichukua kimea kwenye kiwanda cha kimea cha Port Ellen, kwa kiwango cha moshi kinachokaribiana. Lakini Lagavulin ni nzito, yenye mafuta, kama samaki aliyening'inizwa juu ya jiko wiki nzima. Caol Ila ni nyepesi na safi, moshi wake unapita na ukali wa ndimu.

Tofauti hiyo hutengenezwa kwenye mtungi. Wanaojua gongo au chang'aa inavyopikwa wataielewa haraka kuliko msomaji wa Ulaya, kwa sababu kazi ni ileile: pombe iliyochachuka inachemshwa, mvuke unapanda, unapita kwenye bomba lililozungukwa na maji baridi, unadondoka ukiwa kimiminika. Huko Uskoti pombe ya shayiri yenye nguvu ya takriban asilimia 8 hukenekwa mara mbili kwa kawaida. Mara ya kwanza hufika asilimia 20 na kitu. Mara ya pili hugawanywa mafungu matatu: kichwa kinachotangulia, kikali na chenye harufu ya gundi, moyo, unaohifadhiwa, karibu asilimia 70, na mkia, mzito, wenye harufu ya ngozi na jasho. Kichwa na mkia hurudishwa kukenekwa upya. Moshi hutokea zaidi kuelekea mwisho wa moyo, kwa hiyo mpishi anayefunga mapema hupata wiski ya moshi mwepesi, na anayechelewa hupata mzito, kimea kikiwa kilekile.

Umbo la mtungi nalo lina kauli yake. Glenmorangie ina mitungi yenye shingo za mita 5.14, ndefu kuliko zote Uskoti, sawa na kimo cha twiga mzima. Ndiyo maana kiwanda hicho kimemchukua twiga kuwa alama yake. Mvuke mzito hauwezi kupanda kimo hicho, hugusa shaba, hupoa, hurudi chini. Kinachovuka ni chepesi chenye maua na machungwa. Macallan wanatumia mitungi mifupi, na wiski yao mbichi ni nzito, yenye mafuta, inayostahimili pipa kali. Shaba yenyewe hukamata salfa, na mvuke ukikaa nayo muda mrefu salfa hupungua. Viwanda kama Talisker na Mortlach bado vinapoza mvuke kwa bomba la shaba lililojikunja kama nyoka ndani ya tangi la maji, na kwa mfumo huo mvuke hugeuka maji haraka na kuiaga shaba mapema, ndiyo sababu wiski hubaki na uzito wa mchuzi wa nyama. Dalwhinnie waliwahi kuondoa mabomba ya aina hiyo miaka ya 1980 wakaweka vipozeo vya kisasa. Tabia ya wiski ikabadilika, na mwaka 1995 mabomba yakarudishwa. Kwangu hakuna mfano unaoonyesha vizuri zaidi kwamba chombo cha kupozea, kitu ambacho hakuna lebo inayokitaja, kinaweza kuwa na neno kubwa kuliko kanda.

Sasa pipa. Hapa ndipo fedha nyingi huenda na ndipo ladha nyingi hutoka, kwa hiyo hapa nitakaa.

Sheria ya Marekani inataka bourbon, wiski ya huko ya mahindi kwa sehemu kubwa, ikomazwe kwenye vyombo vipya vya mwaloni vilivyounguzwa ndani. Baada ya hapo mapipa hayo hayawezi kutumika tena kwa bourbon, na Waskoti huyanunua kwa wingi. Pipa hilo lina ujazo wa lita 200 hivi. Mwaloni wa Marekani una vanila na harufu ya nazi; na msomaji wa pwani ana bahati hapa, maana ataitambua nazi hiyo vilivyo: si tui bichi, ni chicha iliyokaangwa kidogo kwenye sufuria kavu. Mwaloni wa Ulaya una tanini nyingi na viungo zaidi. Mwaloni pia hutoa eugenoli, kiini kilekile kinachoifanya karafuu ya Pemba inukie karafuu. Kwa hiyo unapoonja wiski ukasema "mna karafuu humu", hujatumia tamathali yoyote. Umetaja kitu kilichomo.

Mapipa ya sheri, divai iliyoongezwa nguvu kutoka Jerez nchini Hispania, ni hadithi nyingine. Zamani sheri ilisafirishwa kwenda Uingereza ikiwa kwenye mapipa, na mapipa matupu yakawa mali rahisi kwa wenye viwanda. Biashara hiyo ilikoma miaka ya 1980 sheri ilipolazimika kutiwa kwenye chupa hukohuko. Tangu hapo mapipa mengi ya sheri hutengenezwa kwa kuagizwa: pipa jipya, mara nyingi la lita 500 au 250, hujazwa sheri kwa mwaka mmoja au miwili ili mbao zilowe, kisha husafirishwa Uskoti. Sheri iliyofanya kazi hiyo haikukusudiwa kunywewa. Kwa hiyo neno "sherry cask" kwenye lebo halikuambii pipa lina historia ya vizazi. Unachotakiwa kuuliza ni kama ni ujazo wa kwanza wa wiski au wa pili na kuendelea. Pipa la ujazo wa kwanza hutoa tende, zabibu kavu, kahawa, chokoleti chungu. Likijazwa mara ya tatu, kiwanda ndicho kinachosikika zaidi, mbao kidogo.

Jozi ya kulielewa hili ni Glenmorangie ya kawaida, iliyokomaa kwenye mapipa ya bourbon, dhidi ya Lasanta ya kiwanda hichohicho, iliyoanza kwenye mapipa ya bourbon ikamaliziwa kwenye ya sheri. Soma umri na nguvu kwenye chupa ulizonazo, maana matoleo yamebadilika miaka ya karibuni. Kilichobaki kimoja ni wiski mbichi. Machungwa na vanila vya ile ya kwanza utavikuta kwenye ya pili vimefunikwa na tende, na ukavu unaobana ulimi kama chai iliyochemka kupita kiasi. Ukavu huo ni tanini. Watu wengi huuita "ukali" wakadhani ni kilevi, wakaongeza maji, na maji hayausaidii.

Umri nauweka baada ya pipa kwa makusudi. Katika hali ya hewa ya Uskoti pipa hupoteza takriban asilimia 2 ya kilichomo kila mwaka. Pipa la lita 200 baada ya miaka 12 linabaki na lita 157 hivi. Baada ya miaka 25, kama 121. Hesabu hiyo peke yake inaeleza sehemu kubwa ya bei. Haielezi ubora. Pipa zuri likiachwa kupita wakati wake hutawala kila kitu, na wiski ya miaka 25 inaweza kuonja kama kuramba ubao. Pipa lililochoka nalo halitoi chochote hata ukiliacha miaka 30.

Anayetaka kuuona umri wenyewe aende Glenfarclas ya Speyside, kampuni iliyo mikononi mwa ukoo wa Grant tangu 1865 na inayoshikilia mapipa ya sheri. Chukua ya miaka 12 na ya miaka 15. Kuna mtego: ya 12 ni asilimia 43, ya 15 ni asilimia 46. Ukizionja hivyohivyo utasema ya 15 imejaa zaidi mdomoni, na sehemu ya ujazo huo ni nguvu tu, wala haitokani na miaka. Zisawazishe. Zidisha ujazo kwa nguvu iliyopo, gawanya kwa nguvu unayoitaka: mililita 15 za asilimia 46 zinahitaji kufika mililita 16 ili ziwe asilimia 43, kwa hiyo ongeza mililita 1 ya maji. Kipimo bora ni bomba la sindano la mililita 5 kutoka duka la dawa, bila sindano yake. Ukiwa na Glenfarclas 105, yenye asilimia 60, mililita 15 zitataka maji mililita 6 kufika palepale. Baada ya hapo tofauti ya miaka mitatu itaonekana kwa kipimo chake halisi, na ni ndogo kuliko bei inavyodai.

Asilimia 46 yenyewe si namba ya bahati nasibu. Chini ya hapo mafuta na esta za wiski huweza kuganda na kuifanya iwe na ukungu ikipoa, hivyo viwanda vingi huipoza na kuichuja kabla ya kuijaza. Kwa asilimia 46 na kuendelea ukungu hausumbui, na ndiyo maana chupa nyingi zisizochujwa kwa baridi zimesimama hapo. Ukitia barafu kwenye wiski ya namna hiyo ikaingia ukungu, haijaharibika.

Kwa wengi wa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, chupa ya Uskoti ya karibu ni Johnnie Walker, na hakuna sababu ya kuidharau kama darasa. Black Label ya miaka 12 huchanganya wiski za kimea na wiski za nafaka kama ngano, zilizokenekwa kwenye mtambo wa mnara, wa aina aliyoipatia hataza Aeneas Coffey mwaka 1830. Green Label ya miaka 15 ni kimea kitupu kutoka viwanda vingi, ikiwemo Talisker, Linkwood, Cragganmore na Caol Ila. Ishushe Green Label kutoka asilimia 43 hadi 40 kwa mililita 1 na nukta ya maji katika 15, uziweke sambamba. Ulaini wa tofi na wepesi unaotangulia kwenye Black Label ni nafaka. Hapo Green Label inakuwa na kifua zaidi, mpaka moshi wa Caol Ila unatengana na utamu wa Linkwood. Jozi hii si safi kama zile nyingine, kwa kuwa umri nao umetofautiana, lakini chupa zake zinapatikana.

Zinapatikana, na pia hughushiwa. Chupa bandia hufuta ulinganisho wote. Kenya soma stempu ya ushuru kwa programu ya Soma Label, Tanzania kwa Hakiki Stempu. Angalia pia pete ya kizibo kama imekatika, na ujazo wa shingo ukilinganisha na chupa nyingine ya aina hiyo rafuni.

Mezani sasa. Glasi iwe na tumbo na mdomo uliobanwa. Bilauri ya kawaida hutawanya harufu kabla haijafika puani. Zioshe kwa maji ya moto bila sabuni, uziache zikauke zenyewe, kwa sababu kitambaa cha jikoni huacha harufu ya mafuta. Nyumba isiwe imefukizwa udi siku hiyo, wala pilau isiwe jikoni. Mimina mililita 15 kila glasi, zisizidi glasi nne kwa kikao, na kutema ni sawa kabisa. Maji yawe ya chupa yenye madini kidogo. Maji ya kisima ya pwani yana chumvi, na ya bomba huwa na klorini.

Joto ndilo linalosahaulika zaidi. Maelezo mengi ya ladha yameandikwa kwenye vyumba vya nyuzi 18 hadi 20. Mombasa saa nane mchana glasi ina nyuzi 30 na zaidi, kilevi kinapaa kwanza na kuchoma pua, na mtu anaihukumu wiski kwa kosa la hali ya hewa. Weka chupa zote mbili kwenye friji kwa dakika 20, zote kwa muda uleule, umimine, usubiri dakika 10. Nusa mdomo ukiwa wazi kidogo, pua ikiwa juu ya ukingo wa glasi, usiizamishe ndani. Kisha tia matone ya maji, unuse tena. Uigaji wa kompyuta uliofanywa na wanasayansi wa Sweden na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba maji hufanya guaiakoli, mmoja wa misombo ya moshi, usogee kwenye uso wa kimiminika. Na puani ndivyo inavyokuwa, moshi hufunguka.

Isiyo na moshi itangulie. Ukianza na Ledaig, Tobermory itaonekana maji matupu, na kosa hilo halirekebishwi kwa kusukutua mdomo. Subiri nusu saa. Usilinganishe chupa iliyofunguliwa leo na iliyobaki robo tangu mwaka jana, kwa kuwa hewa imekwishabadilisha ile ya zamani. Chupa ikifika nusu, hamishia kwenye vichupa vya mililita 100 vilivyojaa hadi shingoni. Chupa zenye kizibo cha gome zisimame wima, gizani, maana wiski hula kizibo kikilowa.

Andika unachokinusa kwa majina unayoyajua wewe. Keki ya Krismasi na asali ya maua ya vilima vya Uskoti ni kumbukumbu za watu wengine. Ng'onda, ukwaju, tende za Oman, ndizi mkono wa tembo iliyoiva sana, mkeka mpya, dawa ya vidonda: hayo utayakumbuka mwezi ujao, na yatakuwa na maana ileile.

Halafu jipime. Mtu mwingine amimine glasi tatu bila wewe kuona, mbili za wiski moja na ya tatu ya nyingine, azifunike ubavuni kwa karatasi ili rangi isionekane. Tafuta ya peke yake. Kwa kubahatisha utapata mara moja katika tatu, kwa hiyo rudia siku tano tofauti, ukibadilisha ipi iwe mbili na ipi iwe moja. Ukipatia mara nne au tano, tofauti unayoilipia unaionja kweli. Ukipatia mara moja au mbili, nunua ile ya bei ndogo.